Karatasi Niliyomsomea Glenda

Nilizisikia habari zile mara ya kwanza kwenye foleni ya duka la dawa, mwezi wa pili, mwaka ambao theluji iligoma kuyeyuka. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alimwambia mwenzake kwamba vibanda vyote vya vipofu katika majengo ya serikali vitafutwa. Washington imechoka navyo, alisema. Kuna kampuni kubwa ya mashine za kuuzia soda, hiyo ndiyo itakayopewa kila jengo, na vipofu watarudi makwao wakalelewe na mama zao.

Jumapili nikazisikia tena, kanisani, kwenye chumba cha chini tunakokula baada ya ibada. Jumanne nikazisikia saluni, kichwa changu kikiwa ndani ya mashine ya kukausha nywele, nikalazimika kuomba izimwe ili nisikie vizuri.

Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimelelewa na msemo huo. Basi uvumi ule ukaniingia kama maji ndani ya kiatu. Unatembea nayo, unapika nayo, unalala nayo, na kila hatua unayasikia.

Mimi ni Dessie Sizemore. Binti yangu Glenda ndiye aliyekuwa na kibanda katika jengo la serikali mjini Hensley, huku milimani. Homa ya surua ilimchukua macho akiwa na miaka miwili. Akasoma shule ya bweni ya wasioona, kisha akaenda mji mkuu wa jimbo miezi saba kufundishwa biashara, akapewa leseni. Sheria yetu inasema katika majengo ya serikali, asiyeona ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kuuza kahawa, soda, magazeti na vitu vya kutafuna. Serikali inampa mahali, vyombo na bidhaa za kuanzia. Baada ya hapo ni mkono wake mwenyewe.

Na nafasi hazitolewi kwa kujuana. Kibanda kikiachwa wazi kinatangazwa, wenye leseni wanaomba, na mwenye miaka mingi zaidi kazini ndiye anayekipata. Glenda alipata Hensley akiwa na miaka miwili tu ya kazi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Jengo lilikuwa na ghorofa moja inayotumika, na nyingine zilikaliwa na njiwa. Halafu mahakama ikahamia pale. Ikaja ofisi ya pensheni. Wakaja wakaguzi wa migodi. Baada ya miaka saba jengo lilijaa hadi juu, Glenda ana kaunta chini na mashine sita kwenye korido za juu, na hakukuwa na kibanda kizuri kuliko kile katika milima yote hii.

Nilikuwa naenda naye asubuhi. Nyumbani nilioka biskuti nene zetu, vimkate laini vya kujaza soseji, nikazibeba kwenye kikapu zikiwa na moto. Kazi yangu ilikuwa hiyo na kupika mchuzi wa maharage na nyama. Mengine yote alifanya yeye. Alijua kikombe kimejaa kwa uzito wake mkononi. Watu walimtajia noti walizompa, "Tano, Glenda," "Kumi hii, Glenda," naye akazikunja kila aina kwa mkunjo wake. Miaka saba yote, walimdanganya mara mbili tu, na mara zote mbili walikuwa mawakili.

"Glenda, kahawa hii ni ya leo au ya jana?" karani wa mahakama alikuwa akimchokoza.

"Ya jana ni ya mawakili. Wewe unataka ipi?"

"Nipe ya leo. Mimi bado nina roho."

"Una uhakika? Maana nimesikia umeomba kazi ghorofa ya pili."

Ghorofa ya pili ndiko walikokaa waendesha mashtaka. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka hadi mlinzi Estill akaja kuona kuna nini. Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya mwanangu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, ana jina lake juu ya mlango, na hakuna mtu aliyemwita "yule maskini."

Sasa niseme jambo langu, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Mimi niliacha shule darasa la sita. Mama aliumwa baada ya kujifungua, nikabaki nyumbani na mtoto. Kusoma najua. Barua ya kawaida naimudu, na bei, na tarehe ya mkutano. Lakini maneno marefu ya serikali, yale yaliyopangana kama mabehewa ya makaa, hayo nilikuwa nayaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Glenda hakujua. Alipokuwa mdogo nilimsomea vitabu vya hadithi, na nilipokwama nilibuni. Akazoea kwamba mama anasoma kila kitu. Alipokuwa mkubwa na barua za leseni zikaanza kuja, sikumwambia tofauti. Kwa barua nzito alikuwa anaomba ofisi imrekodie kwenye kaseti, na kaseti ilichukua siku kumi kufika. Nyingine zote zilikuwa zangu.

Mtu wa tatu katika habari hii ni Garland Mullins. Baruti ilimpofusha mgodini akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa muuzaji kama Glenda, kwenye posta ya mji ulioko chini mtoni, na wauzaji wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati yao. Glenda alipomaliza masomo alipelekwa kwenye kibanda chake wiki tatu kujifunza kwa vitendo. Garland ndiye aliyemfundisha kukunja noti. Ndiye aliyemwambia, "Mtu akikuita mpenzi kabla hajasema anataka nini, hesabu chenji mara mbili."

Tangu hapo akawa wa nyumbani. Mara moja kwa mwezi alikuja na mkewe Nadine, ambaye anaona na ndiye dereva, wakala kwangu maharage na mkate wa mahindi, na keki ya tabaka ya matufaha yaliyokaushwa. Alikuwa anapapasa sahani kutafuta kipande kikubwa.

"Bi Dessie, ningekuwa na macho ningekuoa."

"Ungekuwa na macho ungekimbia."

"Nimekusikia, Garland," Nadine angesema, "na funguo za gari ninazo mimi."

Miaka tisa ya hayo. Nilimfumia soksi za sufu. Alipolazwa kwa nyongo, Glenda alifunga kibanda siku mbili akaenda kukaa naye hospitali.

Kwa hiyo walipokuja Jumamosi moja mwezi wa tatu, mimi ndiye niliyeanza. Hata koti hajavua, nikamwambia yote niliyosikia dukani, kanisani na saluni.

Garland akatafuta kiti akaketi. Kisha akasema, "Kumbe limeshafika huku."

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Bi Dessie, nilikuwa sitaki kuwatia hofu." Akashusha pumzi. "Ni kweli. Ndiyo maana nimekuja. Kamati imeandaa karatasi. Kila muuzaji anatia sahihi, vibanda vyote vinakuwa fungu moja mikononi mwa kamati. Mtu mmoja mmoja wanaweza kutuvunja. Tukiwa kuni zilizofungwa pamoja, hawawezi."

Nadine akatoa bahasha kwenye mkoba wake akaiweka mezani, kando ya keki.

Glenda akafuta mikono kwa aproni. "Nirekodie kwenye kaseti, Garland. Nitasikiliza, nitakurudishia."

"Kaseti siku kumi. Hizi zinatakiwa Ijumaa."

"Nani anazitaka Ijumaa?"

"Wakubwa."

"Basi Jumatatu asubuhi nampigia Bwana Whitt ofisini, nimuulize."

Bwana Whitt ndiye afisa wa jimbo aliyesimamia vibanda vya huku milimani. Garland akacheka kidogo, bila ubaya. "Mpigie. Ila Whitt ana watoto wanne na mkopo wa nyumba. Unadhani atafungua mdomo? Atakuambia hajui lolote. Na utakapomsikia anasema hajui, ndipo ujue anajua."

Leo nauona ule mtego. Aliufunga mlango kabla Glenda hajaugusa. Lakini siku ile niliona moshi tu, nikajua kuna moto. Nilimwona mwanangu amekaa kwenye kiti changu cha jikoni siku zote zilizobaki za maisha yake, redio imewashwa, anasubiri mimi nife.

"Tia sahihi, mwanangu," nikasema.

"Mama, tulia."

"Nitulie nini? Watu wote wanasema! Garland ndiye aliyekufundisha kazi. Utamwamini nani, Whitt?"

"Simkatai Garland. Nataka kujua karatasi inasema nini."

"Haya, Bi Dessie amsomee," Garland akasema. "Si yupo hapa? Msomee yote, Bi Dessie. Tuna muda."

Kumbukeni hilo. Alisema nisome yote.

Nikavaa miwani. Ukurasa wa kwanza niliusoma vizuri tu. Ulikuwa na jina la Glenda, namba ya leseni, anwani ya jengo, na jina la kamati. Nikageuza. Ukurasa wa pili ulikuwa umejaa, hauna hata nafasi ya kupumua. Nikaanza mstari wa kwanza, nikakuta neno, nikaliacha. Mstari wa pili nikakuta matatu. Nikanyamaza nikijifanya nasoma kimyakimya kwanza.

Nadine aliacha kutafuna akainua macho. Alinitazama mimi, hakuitazama karatasi. Nadine alimaliza sekondari na alifanya kazi benki kabla hajaolewa.

"Kwingine ni yale yale," nikasema.

"Yale yale yapi?" Glenda akauliza.

"Ya kamati. Kuungana. Maneno ya serikali, unayajua."

"Umesoma yote?"

"Nimeyaona yote, Glenda."

Akatoa kadi yake ya sahihi. Ni kadi ngumu yenye tundu jembamba, upana wa mstari mmoja. Anayeona anaiweka juu ya mstari, na asiyeona anaandika jina lake ndani ya tundu bila kupotea. Alinipa mimi niiweke. Nikaiweka, nikaushika mkono wake kuuanzisha. Akaandika jina lake kwa ule mwandiko wa herufi kubwa aliofundishwa shuleni.

"Na wewe hapa, Bi Dessie," Nadine akasema, kidole chake chini kabisa ya ukurasa. "Shahidi."

Nikatia. Niliona fahari hata, kwamba jina langu limo kwenye karatasi ya serikali. Tukala keki. Garland akaomba kipande cha kubeba.

Wiki tatu zikapita. Barua kutoka mji mkuu ilikuja kibandani siku ya Alhamisi. Mikono yangu ilikuwa na kitunguu, kwa hiyo Glenda akampa Estill mlinzi aisome. Estill alikuwa mtu mzima, polepole, ana sauti ya kusomea misiba. Anaposoma hasiti wala haruki.

"Mpendwa Bi Sizemore. Tumepokea ombi lako la kuachia kwa hiari kibanda namba kumi na nne, jengo la serikali, Hensley, na limekubaliwa kuanzia tarehe moja mwezi wa tano. Jina lako litawekwa kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi. Kibanda kitatangazwa wazi kwa wenye leseni wote. Tunakushukuru kwa..."

"Rudia," Glenda akasema.

Akarudia. Kulikuwa na watu wanne kwenye foleni, wote wakatazama viatu vyao.

Glenda akafungua droo, akatoa nakala ya ile karatasi tuliyoachiwa. "Ukurasa wa pili, Estill. Taratibu."

Akasoma. Yote yalikuwemo. Kwamba anaachia. Kwamba hakulazimishwa. Kwamba anajua kibanda kitakwenda kwa mwenye miaka mingi. Kamati ilitajwa mara moja tu, kwamba ndiyo itakayoifikisha karatasi. Na mwisho kabisa: mtia sahihi anathibitisha kwamba amesomewa ukurasa huu wote, neno kwa neno, na mtu anayemwamini, ambaye jina lake liko hapa chini.

Estill akaishusha karatasi.

"Jina gani?" Glenda akauliza.

"Glenda, mimi nadhani..."

"Jina gani, Estill?"

"La mama yako."

Hakunipigia kelele. Aliwahudumia wale wanne, kahawa, gazeti, pakiti ya karanga, soda. Kisha akageuza kibao cha mlangoni kionyeshe tumefunga, saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Tulimpigia Garland. Nadine akasema yuko mkutanoni. Tulipiga tena, akasema amelala. Tulimpigia Whitt. Alisikika kama mtu aliyemwagiwa maji. "Kampuni gani ya mashine? Bi Glenda, hakuna mpango kama huo. Haujawahi kuwepo. Mimi nilishangaa ulipoomba kuondoka, lakini karatasi imetiwa sahihi, ina shahidi..."

Nikaufuata ule uvumi kinyumenyume, kama mtu anayefuata uzi kutafuta bonge lake. Mwenye saluni alisema ameupata kwa Nadine, akiwa anamkata nywele. Wa kanisani aliupata kwa dada yake Nadine. Yule wa duka la dawa sikumpata tena. Kwa wauzaji wengine wa milimani hakuna aliyeletewa karatasi yoyote. Kuni zilizofungwa pamoja zilikuwa ukuni mmoja. Posta ya Garland ilikuwa inapunguza watu; walibaki kumi na wawili pale, wengi wao wanakuja na chai yao kwenye chupa. Naye alikuwa na miaka ishirini na sita kazini. Hensley ikitangazwa, hakuna wa kumshinda.

Muuzaji ana haki ya kusikilizwa kabla uamuzi haujawa wa mwisho. Glenda akaandika kwa mashine yake ya nukta nundu, akaomba. Tukapewa siku, mwezi wa nne mwishoni. Kituo cha msaada wa sheria kikatupa wakili, kijana anaitwa Bwana Ratliff, tai yake ina mchuzi. Aliniketisha akaniuliza maswali hadi kweli ikatoka. Sikuusoma ukurasa wa pili kwa sababu sikuweza.

Hapo ndipo Glenda alipojua. Alikuwa amekaa kando yangu. "Tangu lini, Mama?"

"Tangu siku zote."

"Na vile vitabu?"

Bwana Ratliff akasema, "Samahani, lakini hii ndiyo kesi yenyewe. Hatuna nyingine. Kama mama alishindwa kusoma, basi wewe hukusomewa, na sahihi yako haina nguvu. Bi Dessie, itabidi usimame useme hivyo mbele yao. Utaweza?"

"Nitaweza."

Katika zile wiki nilifanya jambo moja, na nilidhani ni jema. Kila mchana nilimwomba Estill anisomee ukurasa ule wakati wa mapumziko yake. Nilitaka kuona ulipo uongo, labda kuna neno lililotupiga chenga, labda kuna mwanya. Akanisomea huku nikifuata kwa kidole. Siku kumi, siku kumi na tano. Mwanya sikuuona.

Siku ya kusikilizwa tulikwenda na gari la Bwana Ratliff. Tulikuwa njiani kwa muda wa saa tatu, Glenda amekaa mbele. Akauliza mara moja tu, "Utasema, Mama?" Nikasema nitasema.

Kilikuwa chumba chenye zulia, meza ndefu, jagi la maji. Mwenye kusikiliza kesi alikuwa mama mmoja mpole mwenye mvi. Garland alikaa upande wa pili na Nadine. Alipoulizwa alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya mezani kwangu: "Glenda ni kama mwanangu. Aliniambia amechoka, kibanda kimemzidi. Nikamletea karatasi. Nikasema asomewe yote, nikasema tuna muda. Muulizeni."

Glenda akakubali kwamba hayo ya mwisho aliyasema. Lakini akakana kwamba alichoka. Mwenye kusikiliza akaandika.

Kisha mimi. Nikasimama, ingawa walisema naweza kukaa. Nikasema niliishia darasa la sita. Nikasema ukurasa wa pili ulinishinda na nikamdanganya mwanangu. Nilisikia Nadine anavuta pumzi puani, ile pumzi ya mtu anayezuia kicheko. Pengine alikuwa na mafua. Mimi nilisikia kicheko.

Yule mama mpole akanisogezea karatasi. "Bi Sizemore, samahani kukuomba hivi. Nisomee hapa, aya ya kwanza ya ukurasa wa pili. Kadiri unavyoweza."

Ningekwama tu. Hicho ndicho kilichotakiwa, nikwame. Neno la tatu, nisimame, niseme basi. Kibanda kingerudi.

Nadine alikuwa ananitazama, vilevile kama siku ya keki. Na mimi nikavaa miwani nikasoma. Nilisoma aya yote. Nilisoma ya pili bila kuombwa. Kila neno refu nililitamka lote, kwa sauti ya Estill, na nilitua tu penye nukta. Niliinua uso nikiwa nimemshinda Nadine. Ndipo nilipomwona Glenda. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea sauti yangu, kama anavyofanya anaposikia mtu asiyemfahamu ameingia dukani.

"Nimeukariri," nikasema. "Sasa naujua. Mwezi wa tatu nilikuwa siujui. Estill amenifundisha."

"Estill ni nani?" yule mama akauliza, na kalamu yake tayari ilikuwa inatembea.

Bwana Ratliff akajaribu. Alisema mengi. Estill akaandika barua kuthibitisha, lakini ilifika baada ya faili kufungwa. Uamuzi ulikuwa nusu ukurasa: karatasi ina sahihi mbili, shahidi amesoma mbele ya kikao bila shida, ombi la kuachia linabaki.

Siku ile ya kikao, kwenye korido, Garland alinisikia ninavyotembea akanijua. Akasema taratibu, "Bi Dessie, mimi sikukuzuia kusoma." Akapapasa ukuta akaenda zake na fimbo yake.

Garland alipata Hensley mwezi wa tano. Yupo hadi leo, na wananiambia kahawa yake si mbaya. Glenda alisubiri kwenye orodha miezi kumi na nne, jikoni kwangu, redio imewashwa. Kisha akapewa ile posta ya chini mtoni aliyoiacha Garland. Wafanyakazi tisa sasa. Amepanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mashine za soda ziko mbili.

Siku aliyokuwa anahama nilimsaidia kufunga vyombo. Nikamwambia Garland atalipwa na Mungu. Akasema, "Garland ningeweza kumzoea, Mama. Kuna watu wa aina yake kila mahali, shuleni walitufundisha. Wewe ndiye niliyekuuliza. Nilikuuliza umesoma yote."

Ananipigia simu Jumapili. Nikimuuliza kama kuna barua, anasema amesomewa. Nani amemsomea, haniambii.

Naandika haya kwa ninyi wenye watoto wasioona wanaofanya kazi hii au wanaosoma kuifanya. Nimeandika vitu vya kuepuka. Mwombeni mtu awasomee kama vinawapa shida, na mumwambie asiruke.

Usimsomee mtoto wako karatasi usiyoielewa.

Usiseme "kwingine ni yale yale."

Usikubali atie sahihi siku ileile karatasi ilipoletwa, hata kama mletaji ni mchungaji wenu.

Usimharakishe kwa sababu ya uvumi. Akitaka kupiga simu ofisini kwanza, mwache apige.

Usidharau kaseti kwa sababu ya siku kumi.

Usiishike kadi ya sahihi kama hujui mstari ule ni wa nini.

Usiweke jina lako chini ya maneno yanayosema umesoma yote.

Usimwamini mtu kwa sababu tu naye haoni, au kwa sababu amekula kwako.

Usikariri karatasi ya kesi.

Usione haya mbele ya watu wanaokutazama. Hata wakicheka.